Mahaba Kisiwani: Tangu Crusoe hadi Kamera

Kisiwa kitupu ni ndoto ya watu wa bara. Aliyezaliwa kisiwani hulisikia neno hilo akakumbuka vichochoro, majirani na macho yasiyosinzia. Lakini fasihi ya Ulaya imekitumia kisiwa, kwa karne tatu, kuwa mahali mtu anapoachwa na nafsi yake; na katika historia hiyo mahaba yalichelewa kufika.

Katika karne ya 12, Ibn Tufayl wa Andalusia alimsimulia Hayy, mtoto aliyelelewa na paa kisiwani hadi akamjua Mungu kwa akili yake. Mwaka 1719 Daniel Defoe alimtoa Robinson Crusoe, miaka kumi baada ya baharia Alexander Selkirk kuokolewa katika visiwa vya Juan Fernández. Crusoe akaa kisiwani miaka 28 bila ya mpenzi. Akisha kurejea kwao, ndoa yake yapita katika sentensi moja: kaoa, kapata watoto watatu, mke kafa.

Mahaba yaliingia mwaka 1908, Henry De Vere Stacpoole alipotoa The Blue Lagoon, kisa cha watoto wawili waliovunjikiwa na chombo, wakakua na kupendana. Mwaka huo huo London ilianzishwa kampuni ya Mills & Boon, ambayo jina lake baadaye likawa sawa na riwaya za mapenzi. Katika kisiwa cha Stacpoole hakuna mzazi wa kukataza, wala posa, wala mahari. Ni bustani ya Adamu na Hawa. Hapo ndipo penye udhaifu wake, kwani riwaya ya mahaba huishi kwa kikwazo. Ukiondoa kikwazo, umebakisha maua na mchanga.

Kikwazo kililetwa na televisheni. Mwaka 1997 Sweden ilirusha Expedition Robinson, iliyotokana na wazo la Mwingereza Charlie Parsons na kubeba jina la shujaa wa Defoe. Mwaka 2000 Marekani ikaja na Survivor: watu 16 katika kisiwa cha Pulau Tiga, karibu na Borneo, siku 39, wakitoana kwa kura mpaka abaki mmoja mwenye dola milioni moja. Mwaka 2001 mashindano hayo yalifanyika Kenya, katika hifadhi ya Shaba, mbali kabisa na bahari, washindani wakiishi ndani ya boma la miiba. Ikadhihirika kwamba maji hayakuwa sharti. Sharti lilikuwa kutengwa, na kutazamwa.

Mwaka 2004 maisha yakaitangulia riwaya. Rob Mariano na Amber Brkich, waliopendana katika mashindano ya Panama, walikuwa wawili wa mwisho. Rob, aliyekwisha kuvunja ahadi zake kwa wenzake, alimposa Amber mbele ya watazamaji kabla kura hazijasomwa. Amber alikubali, kisha akashinda kwa kura 4 dhidi ya 3. Walioana mwaka 2005, na harusi nayo ikaonyeshwa katika televisheni.

Waandishi wakaiona fursa. Katika Wicked Games ya Jessica Clare, riwaya ya muongo wa pili wa karne hii, mwanamke na mwanamume wasiopatana wafungwa pamoja katika shindano la kubuni. Waama, kikwazo hiki ni kikali kuliko baba mkali wa hadithi za kale. Baba husimama nje ya wapendanao. Dau hukaa baina yao. Kila neno tamu laweza kuwa hila, na asemaye huenda naye asijue.

Kamera haiwezi kulitatua fumbo hilo, kwani hunasa uso tu. Riwaya huingia moyoni, ikatuonyesha neno kabla halijatamkwa. Ndiyo maana sioni sababu ya kuzidharau riwaya hizi, japo lugha yake aghalabu ni nyepesi.

Washairi wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa njia yao. Walimficha mpenzi ndani ya ua, chombo au ndege, si kwa woga peke yake, bali kwa kuwa penzi linaloonwa na wote huanza kuwatumikia watazamaji. Wapendanao wa mashindano wamenyimwa sitara hiyo. Riwaya huwarudishia.