Mwizi Muungwana na Kanuni za Sinema: Miisho Miwili ya Raffles

Raffles, mcheza kriketi wa London ambaye kwa siri ni mwizi wa vito, alibuniwa na E. W. Hornung mwishoni mwa karne ya 19. Samuel Goldwyn alimtolea filamu mbili: ya 1930, akiigizwa na Ronald Colman, na ya 1939, akiigizwa na David Niven. Kisa ni kilekile. Raffles ameazimia kuacha wizi, lakini rafiki yake Bunny amelemewa na deni, na mkufu wa Lady Melrose uko karibu mno.

Tofauti imo katika mwisho. Colman anawaponyoka polisi. Niven anakubali kujisalimisha. Kiswahili humwita muungwana mtu mwenye adabu, na zamani mtu huru asiye mtumwa. Niven aliachiwa adabu tu.

Kanuni za maadili za Hollywood zilipitishwa Machi 1930, miezi michache kabla ya filamu ya Colman kuonyeshwa, lakini watayarishaji walizipuuza. Kuanzia 1934 kampuni kubwa hazikuweza kuonyesha filamu pasipo kibali cha ofisi ya Joseph Breen, na ofisi hiyo haikukubali mhalifu apone, hata katika kichekesho.