Kutoka Kamina hadi kambini: wimbo wa mwanafunzi na ndugu walio mbali

Mwaka 1958, wanafunzi wa Kamina, katika Katanga, walisafiri hadi Ubelgiji kuimba. Walikuwa watoto wapata 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapata 15. Kwaya yao, Les Troubadours du Roi Baudouin, iliundwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Waliimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, kisha wakapita Uholanzi na Ujerumani. Misa waliyoimba, Missa Luba, ilikuwa imesikika Kamina kwanza, mwezi wa tatu mwaka huohuo.

Na wazazi waliobaki nyumbani? Barua iliweza kuwaambia mtoto ni mzima na watu walipiga makofi. Wimbo wenyewe haukuingia ndani ya bahasha. Tena misa hiyo haikutungwa kwa noti kwenye karatasi. Ilizaliwa vinywani mwa waimbaji, juu ya nyimbo za kwao. Kyrie yake inafuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Ili kuijua, ni lazima uisikie.

Philips waliirekodi kwenye santuri. Mwaka 1968 Sanctus yake ikaingia katika filamu ya Uingereza, if...., na watu wasioijua Kamina wakaisikia sinemani. Lakini santuri inataka gramafoni, na gramafoni inataka pesa. Nyumba isiyo nayo haikusaidiwa na sifa za Ulaya.

Redio ilipunguza umbali huo. Tangu Radio Okapi ianze tarehe 25 Februari 2002, redio moja ya betri imetosha kukusanya jamaa nzima. Shida ni saa: ukiwa kisimani wakati kwaya inaimba, imekupita.

Leo jamaa nyingi za Masisi na Rutshuru zimetawanyika. Mtoto anasoma Goma, bibi yuko Nakivale, Uganda, baba mdogo yuko Nyarugusu, Tanzania. Simu inaweza kufanya ambayo santuri ilishindwa, ila si kwa video ndefu. Video inakula mega, na aliye kambini ndiye anayelipa ili kuifungua. Sauti tupu ya dakika tatu inapita hata mtandao ukiwa dhaifu, na inaweza kurudiwa hata mara kumi.

Anayerekodi asikae karibu na baffle, sauti itapasuka. Asimame mbele ya waimbaji, simu mkononi, akimya. Kabla ya kutuma, aulize nani kule ana simu yenye moto na saa gani wengine watakusanyika kwake. Wengine huweka wimbo kwenye kadi ya memori na kumkabidhi msafiri. Inachelewa, lakini haili mega.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Kabla ya wimbo, mtoto ajitaje, kisha awasalimu kwa majina: bibi, baba mdogo, shangazi, hata jirani wa zamani. Kwaya ina sauti nyingi, na bibi atataka kujua ipi ni ya mjukuu wake.