Nani Apange Idadi? Miji Wenyeji na Mabishano Kuhusu Likizo za Meli

Mabishano kuhusu likizo za meli za kitalii, yaani safari ambazo meli yenyewe ndiyo hoteli, mgahawa na ukumbi wa burudani, huku bandari zinazopitiwa zikiwa vituo vya saa chache, aghalabu huendeshwa kana kwamba ni suala la ladha. Wapo wanaozisifu kwa raha na nafuu yake, wapo wanaozichukia kwa msongamano na kelele, na kila upande hurudia hoja zake bila kuusogeza upande wa pili. Hoja ya ladha ni ya kweli, lakini ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa mtu asiyependa meli anaweza kubaki nyumbani kwake. Uzito wa mabishano haya umo kwa wale ambao hawakununua tiketi yoyote, yaani wakazi wa miji inayofikiwa na meli hizo, na swali linalopaswa kutangulia mengine yote ni iwapo mji mwenyeji una mamlaka ya kusema wageni wangapi wanatosha. Makala hii inalitazama swali hilo kwa kutumia zaidi mfano wa Juneau, makao makuu ya jimbo la Alaska nchini Marekani, mji ambao wakazi wake wamebishana kuhusu meli kwa robo karne na zaidi, hadharani na kwa kura.

Haki inataka kwanza upande wa abiria usikilizwe. Meli iliyojengwa mahususi kwa ajili ya matembezi ya baharini ilianza na Prinzessin Victoria Luise, iliyozinduliwa na kampuni moja ya Hamburg mwaka 1900 kwa ajili ya matajiri. Biashara ya watu wengi ilikuja baadaye sana, baada ya ndege za jeti kuwanyang'anya wenye meli abiria wa kuvuka Atlantiki, na kampuni kama Carnival, iliyoanzishwa Miami mwaka 1972, zikaigeuza meli kuwa mahali pa kwenda badala ya chombo cha kufikia mahali. Leo meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600. Mzee anayetembelea kiti cha magurudumu, familia ya vizazi vitatu yenye watoto wadogo, au mfanyakazi anayetaka kujua gharama yake yote kabla ya kuondoka, hupata katika meli kitu ambacho hoteli na mabasi haviwezi kumpa kwa urahisi, yaani kufungua mizigo mara moja tu na kuamka kila siku mahali papya. Waandishi wanaowadharau abiria hawa kwa kudai kwamba hawakuiona nchi waliyopita husahau kwamba wengi wao wasingeiona kabisa kwa njia nyingine.

Maoni ya mabaharia na wahudumu nayo hayafanani. Meli nyingi za aina hii husajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, nchi ambazo mara nyingi si makao ya biashara ya wenye meli, na utaratibu huo, unaojulikana kama bendera ya manufaa, huzifanya sheria za kazi za nchi ya bendera, pamoja na Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ndizo zinazotawala ndani ya meli. Mkataba huo unaruhusu nchi kuweka kikomo cha saa za kazi kinachofika saa 14 kwa siku na saa 72 kwa juma, viwango ambavyo mfanyakazi wa nchi kavu katika nchi tajiri asingevikubali. Hata hivyo kijana wa Manila, au yule wa Mombasa aliyepitia mafunzo ya Chuo cha Bandari, hupima ajira hiyo kwa kuilinganisha na ile anayoweza kuipata kwao, na hesabu yake si ya kupuuzwa na msomi ambaye hajawahi kutuma fedha za karo nyumbani.

Juneau ndipo maoni haya yote yanapokutana katika mitaa michache. Mji huo wenye wakazi wapatao 32,000 umebanwa kati ya milima na bahari, haufikiki kwa barabara kutoka mji mwingine wowote, na kivutio chake kikuu ni Mendenhall, ambayo ni barafuto, yaani mto mkubwa wa barafu unaoteremka polepole kutoka milimani. Mwaka 2023 abiria zaidi ya milioni 1.6 waliufikia kwa meli, na kwa kuwa msimu wote huanza Aprili na kwisha Oktoba, siku za kilele idadi ya wageni ilizidi nusu ya idadi ya wakazi wote. Mtu mwenye duka katika barabara ya Franklin, au mwongozaji wa safari za kuwatazama nyangumi, hupata katika miezi hiyo riziki ya mwaka mzima. Jirani yake anayeishi chini ya njia ya helikopta zinazopeleka watalii kwenye barafu hupata ngurumo tangu asubuhi. Wote wawili wanasema kweli, na huenda wote wawili ni wa familia moja.

Ugomvi ulichukua sura ya kisiasa mwaka 1999. Mwaka huo kampuni ya Royal Caribbean ilikiri mahakamani makosa ya kutupa baharini maji yenye mafuta na kemikali, yakiwemo yaliyotupwa katika maji ya Alaska, ikatozwa faini ya dola milioni 18. Na katika miezi hiyohiyo wakazi wa Juneau walipiga kura ya kutoza ada ya dola 5 kwa kila abiria anayeletwa na meli. Jimbo zima lilifuata mwaka 2006 kwa kura iliyoweka ada kubwa zaidi, ambayo baadaye ilipunguzwa. Shinikizo hilo halikuwa la maneno matupu: mwaka 2001 Juneau ikawa bandari ya kwanza duniani kuziwezesha meli za kitalii kuzima injini zake gatini na kutumia umeme wa nchi kavu, na moshi uliokuwa ukilalia bonde ukapungua. Jambo hili linafaa kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba kulalamika ni kufukuza wageni, kwa maana meli hazikuondoka, bali ziliongezeka.

Ada yenyewe ndiyo iliyofichua mipaka ya mamlaka ya mji. Mwaka 2016 chama cha wenye meli kilifungua kesi ya kupinga matumizi ya fedha hizo, ikiwemo bustani ya ufukweni yenye sanamu kubwa ya nyangumi, kwa hoja kwamba Katiba ya Marekani inakataza majimbo kutoza ushuru wa vyombo vya majini bila ridhaa ya Bunge la nchi. Hukumu ya mwaka 2018 ilisema kwamba ada inaruhusiwa, lakini matumizi yake lazima yawe ya huduma zinazoifaa meli yenyewe, na mwaka uliofuata pande mbili zikaafikiana. Isitoshe, sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni kusafirisha abiria baina ya bandari za Marekani bila kupitia nchi nyingine ndiyo inayozilazimisha meli zitokazo Seattle kugusa Kanada. Kanada ilipofunga bandari zake wakati wa janga la UVIKO-19, msimu wa Alaska ulikufa, ukafufuliwa kwa sehemu tu baada ya Bunge la Marekani kupitisha sheria ya muda mwezi Mei 2021. Hatima ya muuza duka wa Juneau ilikuwa mikononi mwa Ottawa na Washington.

Msimu huo uliokosa meli uliwafunza wakazi mambo mawili yanayokinzana, kwani waliona jinsi njia zao za milimani zinavyopendeza zikiwa tulivu, na wakaona pia maduka yaliyofungwa na makusanyo ya kodi yaliyopungua. Ndiyo maana matokeo ya kura ya Oktoba 2024 hayashangazi. Pendekezo la kuzizuia meli zenye vitanda 250 au zaidi kila Jumamosi lilikataliwa na takribani watu 6 kati ya kila 10. Wengine waliisoma kura hiyo kama ushindi wa biashara, lakini usomaji huo ni wa haraka mno, kwa sababu halmashauri ya mji ilikuwa imekwisha kukubaliana na kampuni kwamba kuanzia 2024 zisizidi meli kubwa 5 kwa siku, na kwamba kuanzia 2026 vitanda visizidi 16,000 kwa siku, na 12,000 siku za Jumamosi. Wakazi walikataa marufuku wakiwa na kikomo mkononi. Mtu aliyehakikishiwa kwamba mlango una kizuizi hana sababu ya kuufunga kabisa.

Tofauti inaonekana ukitazama Key West, kisiwa cha Florida. Mwezi Novemba 2020 wapiga kura wake walipitisha hoja tatu, mojawapo ikiweka kikomo cha abiria 1,500 kushuka kwa siku na nyingine ikizuia meli zenye uwezo wa kubeba watu 1,300 au zaidi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria, gavana akaitia saini, na kura hiyo ikafutwa nguvu. Mji ukabakiwa na uwezo juu ya magati yake yenyewe tu, ukayafunga kwa meli kubwa mwaka 2022, huku gati la binafsi likiendelea kuzipokea. Venisi nayo iliamuliwa na wengine, ingawa kwa upande uliotakiwa na wengi: kura isiyo rasmi ya mwaka 2017, ambayo karibu wote walioshiriki walizikataa meli kubwa, haikuwa na nguvu ya kisheria, na ni serikali ya Roma iliyozipiga marufuku katika mfereji wa Giudecca, kuanzia Agosti 2021, meli zinazozidi tani 25,000 za ujazo, kipimo ambacho huhesabu nafasi ya ndani ya chombo na si uzito wake.

Hoja kubwa inayotolewa dhidi ya madaraka ya miji ni kwamba bahari na biashara ni mali ya taifa zima, hivyo wakazi elfu chache hawapaswi kuufunga mlango unaowahusu mamilioni. Hoja hii ina nguvu pale inapohusu kufunga, lakini hudhoofika sana inapotumiwa kuzuia hata kupima, kwani anayezibua mitaro, anayeongeza maji ya bomba na anayekosa nafasi ndani ya basi ni mkazi wa pale, na hakuna chombo cha mbali kinachoweza kujua siku gani mji umejaa.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki suala hili si la kigeni. Meli za kitalii zilipungua sana baada ya maharamia kuishambulia Seabourn Spirit mwezi Novemba 2005 ilipokuwa safarini kuelekea Mombasa, lakini zimerejea, na msimu wa kaskazi huonekana Mombasa na Unguja. Wenye maduka ya vinyago, waongozaji wenye vibali na hata papasi, yaani waongozaji wasio na vibali, huzipokea kwa furaha iliyo halali. Mji Mkongwe wa Unguja, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa shida, na makundi ya abiria elfu mbili wanaoshuka asubuhi moja na kurejea melini kabla ya magharibi hupita humohumo wanamopita watoto waendao chuoni na maiti zinazopelekwa kuzikwa. Juneau ilianza kupiga kura mwaka 1999 na ikapata kikomo cha meli miaka 25 baadaye, wakati ambapo kila nambari ilikuwa tayari ina mtu wa kuipoteza. Unguja, ambako meli bado ni za kuhesabika, kinachohitaji kuamuliwa kinafahamika: iwapo mwenye neno la mwisho ni shirika la bandari, serikali ya mji au masheha wa shehia zinazopitiwa, idadi ipimwe kwa siku au kwa msimu, na ada ya abiria iingie katika mfuko gani wa kukarabati nyumba zipi.