Kutoka Kinubi Hadi Kinanda cha Umeme

Pengine umepata kumwona mpiga kinanda cha umeme aliyekaza vidole vitatu juu ya vibao bila kuvisogeza, na huku sauti zafuatana upesi kama matone ya mvua juu ya bati. Kazi hiyo hufanywa na apejieta. Jina ni geni, lakini kazi yake ni ya kale.

Asili yake ni neno la Kiitaliano, arpa, maana yake kinubi. Mpiga kinubi huweza kuzigusa nyuzi kwa zamu, hata sauti ambazo zingalilia pamoja zikafuatana. Wajaluo hufanya vivyo hivyo kwa nyuzi nane za nyatiti. Wasomali nao wana udi, wauitao kaban. Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa Moshi mwaka 1924 na kukulia Aden, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutia udi katika nyimbo mpya za Kisomali.

Mwaka 1978 kampuni ya Roland ya Japani ilitia apejieta katika kinanda chake kiitwacho Jupiter-4. Mwaka 1983 ukatokea mwafaka wa MIDI, uliohimizwa na Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, ili vinanda vya watengenezaji mbalimbali vipate kuelewana. MIDI haichukui sauti. Huchukua habari tu: kibao gani kimeguswa, na kwa nguvu gani, tangu 0 hadi 127. Hupeleka pia alama 24 za saa kwa kila pigo la wimbo, na kwa hizo apejieta huenda sawa na ngoma.

Basi zitazame swichi zake. Ya kwanza huamua mwendo. Ya pili huamua njia: kupanda, kushuka, au kufuata mpango wa vidole vyako. Ya tatu husema sauti zirudiwe katika oktava ngapi. Ya nne hufupisha au hurefusha kila sauti. Ya tano hushikilia sauti hata ukiondoa mkono. Mambo haya yote zamani yaliamuliwa na vidole vya mpigaji.

Walakini liko jambo moja ambalo chombo hiki hakiamui, nalo ni sauti zenyewe. Hupiga zile tu ulizozishika. Nyimbo za Kisomali, ziimbwazo Bute na kote Wajir, zimesimama juu ya ngazi ya sauti tano. Ukishika sauti tatu ulizofundishwa na kitabu cha Ulaya, utasikia Ulaya. Ukizishika zile tano, utasikia kwenu. Kwa hiyo, ewe kijana, jifunze kwanza nyimbo za wazee wako, ndipo uziguse swichi. Mashine ina mbio nyingi, lakini haijui iendako mpaka uionyeshe njia.