Amana ya kikoa

Amana ya kikoa ni utaratibu wa kulipia jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti kama zile zinazoishia na .com au .so, pale muuzaji anapokuwa mtu binafsi asiyejuana na mnunuzi. Bei hushikwa na mtu wa tatu mpaka jina lihamishwe; ndipo muuzaji hulipwa.

Katika pwani inayoanzia Kismayo hadi Ras Kamboni, mpakani na Kenya, na katika visiwa vya Wabajuni kama Koyama, Chovai na Chula, neno amana halihitaji mfasiri. Kigeni ni bidhaa yenyewe. Kikoa cha Somalia, .so, kiliingizwa katika orodha ya vikoa vya dunia mwaka 1997, wakati nchi haina serikali kuu. Usajili ulifunguliwa upya mwishoni mwa 2010, na watu wa mbali wakavutiwa nacho kwa sababu herufi hizo mbili ni neno la Kiingereza. Basi mfanyabiashara wa kamba wa Ras Kamboni anayetaka jina la duka lake chini ya kikoa cha nchi yake aweza kukuta limeshashikwa na mtu wa ng'ambo, naye analiuza.

Hapo ndipo mazoea humponza. Amezoea hawala, na amezoea EVC Plus, huduma ya pesa kwa simu ya kampuni ya Hormuud: anabonyeza *712*, namba ya mpokeaji, kiasi cha dola, alama ya reli, na pesa imefika. Njia hizo ni nzuri kwa kazi yake, nayo ni kufikisha pesa. Haziulizi kilichonunuliwa wala kama kimepatikana. Uaminifu wa mbeba pesa si uaminifu wa muuzaji, na anayetanguliza bei yote kwa njia hiyo amejitakia kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa amana, mpango ni mwingine. Kampuni kama Escrow.com, iliyoanzishwa 1999, hupokea pesa ya mnunuzi na kumjulisha muuzaji kwamba imeingia. Muuzaji hulisukuma jina kwenye akaunti ya mnunuzi kwa msajili yuleyule (kampuni inayosajili majina ya vikoa), au hufungua kufuli na kutoa msimbo wa uhamisho ili liende kwa msajili mwingine. Msimbo peke yake si mali: mnunuzi asikubali malipo yatolewe kabla hajaliona jina katika akaunti yake, na jina lake likiwa ndilo la mmiliki. Kwa .com, msajili anaweza kukataa kulihamisha jina ambalo halijatimiza siku 60 tangu lisajiliwe. Vikoa vya nchi kama .so, .ke na .tz hufuata kanuni za wasimamizi wake, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kukubaliana bei. Uthibitisho rahisi kwamba muuzaji analishika jina kweli ni kumwambia abadilishe jambo dogo kwenye rekodi za DNS za jina hilo, kwa mfano aweke neno mlilokubaliana; asiye na udhibiti wa jina hawezi.

Neno la Kiingereza la amana ya namna hii, escrow, Watanzania wengi walilisikia kwa ubaya mwaka 2014, Bunge lilipojadili fedha zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro wa shirika la umeme TANESCO na kampuni ya kufua umeme IPTL. Funzo la sakata lile linafaa hapa pia: amana ina nguvu za yule anayeishika. Walaghai wa vikoa wanalijua hilo, ndiyo maana hutengeneza tovuti ya amana ya uongo na kumtumia mnunuzi kiungo chake. Andika anwani ya kampuni kwa mkono wako.

Muuzaji akikataa kila mshika amana isipokuwa yule aliyemleta yeye, liache jina hilo.