Romansi: jina la hadithi za kishairi za Chrétien de Troyes

Neno la Kifaransa roman kwa kawaida tunalifasiri "riwaya", na kwa vitabu vya leo tafsiri hiyo haina kasoro. Taabu huanza tunapomfikia Chrétien de Troyes, mshairi wa Ufaransa ya karne ya 12. Hadithi zake tano kuu, kuanzia Erec et Enide ya mnamo 1170 hadi Perceval ambayo hakuimaliza, zote huitwa roman, ilhali hakuna hata moja iliyoandikwa kwa nathari. Ni mashairi matupu. Nne zina mishororo ipatayo 7,000 kila moja, na Perceval inapita 9,000. Mwalimu akiliambia darasa kwamba Chrétien aliandika riwaya, wanafunzi watamfikiria Kezilahabi na Rosa Mistika, na hapo watakuwa wamekwisha kupotea.

Asili ya neno lenyewe inasaidia. Romanz lilikuwa kwanza jina la lugha. Kanisa na wasomi waliandika kwa Kilatini, na watu wa kawaida, pamoja na wakubwa wengi wa majumba ya kifalme, walisema lugha iliyozaliwa na Kilatini hicho. Kukitia kitabu katika romanz kulikuwa kukifasiri ili asiyejua Kilatini apate kukielewa. Ndivyo alivyofanya Wace mwaka 1155, alipoichukua historia ya wafalme wa Uingereza iliyoandikwa na Geoffrey wa Monmouth na kuigeuza kuwa mashairi ya Kifaransa. Chrétien naye, akifungua Cligès, anaorodhesha kazi zake na kusema kwamba alitia katika romanz mafunzo ya Ovidius kuhusu mapenzi. Hapo bado anataja lugha. Lakini akifungua hadithi ya Lancelot anaeleza kuwa mfadhili wake, Marie wa Champagne, anamtaka aanze roman, na safari hii neno limekuwa jina la utungo. Maana mbili zimekutana katika kalamu moja.

Msomaji wa tendi zetu za kale hatashangaa. Watunzi kadhaa wa pwani walianza kwa kueleza kwamba kisa walikikuta kwa Kiarabu wakakitia katika Kiswahili. Hata hivyo, utungo wao haukupewa jina la lugha. Utendi, au utenzi, ni neno linalohusishwa na kutenda, na hilo ndilo linalonifanya nisite kumpa Chrétien jina la mtunga tenzi, ingawa kishawishi ni kikubwa. Mshororo wake una silabi 8, sawa na kipande cha utenzi chenye mizani 8. Ni hadithi ndefu, ina mashujaa, ina vita.

Tatizo ni kwamba Wafaransa wa zama hizo walikuwa na utungo mwingine unaostahili zaidi jina letu. Waliuita chanson de geste, na geste ni matendo, yaani matendo makuu ya mashujaa. Wimbo wa Roland ndio unaojulikana kuliko zote: jeshi la Charlemagne, adui, kifo cha shujaa mlimani, na taifa zima la Wakristo wa Kifaranki nyuma yake. Uliimbwa mbele ya hadhira. Aliyesoma Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani mwaka 1728 juu ya vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, atautambua upesi ukoo wa utungo huo, ingawa dini zimekaa pande tofauti za uwanja. Basi chanson de geste iitwe utenzi wa mashujaa, na roman itafutiwe jina lake.

Umbo nalo linatenganisha. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kina cha bahari hukumbusha sikio mwisho wa kila ubeti mpaka hadithi itimie. Mishororo ya Chrétien haina beti. Inakwenda miwilimiwili, kila jozi na kina chake, kisha kina kinaachwa. Tena yeye alipenda kuivunja jozi: sentensi inakoma mwisho wa mshororo wa kwanza, na wa pili unaanza wazo jipya. Msemaji anamkatiza msemaji, hadithi inakimbia, na kina kinakuwa uzi wa kushonea sentensi mbili. Hiyo ni sauti ya kitabu kinachosomwa kwa sauti. Katika Yvain, hadithi ya shujaa na simba wake, Chrétien mwenyewe anatuonyesha usomaji huo: binti amekaa bustanini akiwasomea baba na mama yake roman.

Ila kinachonivutia zaidi ni yale yanayotokea ndani. Lancelot anamtafuta malkia Guinevere aliyetekwa. Farasi wake amekufa, na mbele yake kuna gari la kubebea wahalifu. Anayelipanda anajivunjia heshima maisha yake yote. Anasita kwa muda wa hatua mbili tu, kisha anapanda. Baadaye anavuka daraja la upanga mtupu, mikono na miguu ikichuruzika damu, anapigana, na malkia anampokea kwa uso mkavu, kwa sababu ya hatua zile mbili. Hakuna jeshi hapa wala taifa linalookolewa kwa kusita au kutosita huko. Yvain naye anapewa na mkewe ruhusa ya mwaka mmoja kwenda mashindanoni. Anasahau siku ya kurudi, anakataliwa, anapata wazimu, na inambidi ajijenge upya kwa kuwatetea wanyonge. Utungo wa namna hii unampeleka mtu peke yake msituni ili ahadi yake ipimwe.

Ndiyo maana napendekeza tuseme romansi, katika ngeli ya i-/zi-: hadithi ndefu ya kishairi, ya lugha ya watu, inayosimulia safari ya majaribu ya shujaa mpanda farasi na vuta nikuvute kati ya mapenzi na heshima yake. Najua pingamizi lake. Sikio litasikia mahaba, na mwanafunzi wa nadharia atachanganya na ulimbwende, vuguvugu la miaka mia sita baadaye. Lakini mkanganyiko huo huondoka kwa sentensi moja ya ufafanuzi, ilhali ule wa "riwaya" hubaki kitabu kizima.

Pana neno jingine la Chrétien ambalo halihitaji kukopwa. Graal anayoiona Perceval katika ngome ya mfalme mgonjwa, asithubutu kuuliza inamhudumia nani, ni sahani pana ya kupakulia. Waandishi waliofuata, wakianza na Robert de Boron, ndio walioifanya chombo cha Yesu katika karamu ya mwisho, na hatimaye ikawa kikombe. Kiswahili kina kombe, sahani kubwa ya chakula, na kombe hilohilo ndilo wanalonyanyua washindi wa mpira. Mfasiri wa Perceval aandike kombe.

Katika karne ya 13 hadithi za Lancelot na kombe ziliandikwa upya kwa nathari, katika vitabu vinene kuliko vyote alivyotunga Chrétien. Hizo ningeziita romansi za nathari. Riwaya niliyoikataa mwanzoni ningeiacha isubiri Don Quixote ya Cervantes ya mwaka 1605, ambayo shujaa wake amepotewa na akili kwa kusoma romansi.