Jinsia na familia katika filamu za Kitanzania

Mume, mke na mama mkwe ndio uti wa mgongo wa Bongo Movie, filamu za video zilizoshamiri Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zilisambazwa kwa kanda, kisha kwa diski, mara nyingi katika sehemu mbili, hadi kwenye miji kama Mbeya.

Mkasa uliozoeleka ni huu: mama mkwe anaingia na begi lake, anakagua jikoni, kisha anauliza mjukuu yuko wapi. Lawama humwangukia mke. Ni nadra mume kupelekwa hospitali kupimwa. Mwanamke mwenye fedha zake huandikwa kuwa mwenye kiburi, na mwisho huadhibiwa. Mwanamume naye hupimwa kwa mfuko wake, jambo ambalo wachambuzi hulisahau.

Mkondo huo umepingwa. *Binti* (2021) ya Seko Shamte inafuata wanawake wanne wa Dar es Salaam, mmoja wao akipigwa na mchumba wake. *Vuta N'Kuvute* (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inarudi Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anaikimbia ndoa na mzee aliyechaguliwa na wazazi, na anajikuta katika harakati za kupinga ukoloni. Ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa haimwadhibu kwa kuondoka.